Mbao za Nyumba ya Mchungaji

Nyumba ya mchungaji niliijua kwanza kwa magoti. Kila Ijumaa nilitoa viti nje, nikafagia, nikapaka nta na kuisugua sakafu ya mbao kwa brashi, kuanzia mlango wa sebuleni hadi chumba cha mwisho. Ukifanya hivyo mwaka mzima unajua ubao upi unalia, upi una fundo linalonasa kitambaa, na upi uliwekwa na fundi aliyekuwa na haraka ya kwenda kula.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mama alifariki kwanza, baba akamfuata mwaka uliofuata, na katika watoto wanne mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule darasa la sita ili wadogo zangu wasiache. Usharika ukatupa jiko la nje la nyumba ya mchungaji tuishi humo, na mimi nikawa mfanya usafi.

Nyumba iko juu ya Ngaramtoni, upande wa mlima, mahali ambapo mwezi wa saba hutoki nje bila sweta. Wamisionari Wajerumani walioijenga waliogopa moto, kwa hiyo jiko walilitenga hatua ishirini kutoka nyumbani, wakalijenga kwa mawe ya mtoni na bomba kubwa la moshi. Sisi tulipanga vitanda viwili pale palipokuwa na meko ya zamani. Mawe yale yakishika joto hayaachii upesi. Mdogo wangu wa kiume aliwaambia wenzake shuleni kwamba sisi tunalala ndani ya chungu.

Nyumba yenyewe ilikuwa na kuta nene kiasi kwamba mdogo wetu wa mwisho alikaa dirishani na miguu yake yote, akasoma. Nje ilipakwa chokaa nyeupe, na ukiitazama ungesema ilijengwa yote kwa mara moja. Ndani ilisema mengine. Vyumba viwili vya mbele vilikuwa vya mawe. Vya nyuma vilikuwa vya matofali ya kuchoma; niliyaona siku lipu ilipobanduka nyuma ya kabati. Wazee walisema viliongezwa baada ya vita na mchungaji mzungu mwingine aliyekuwa na watoto wengi. Baraza la kando lilizibwa na mchungaji wa kwanza mwenyeji ili mke wake aweke mahindi, na mpaka mimi nafika watu wote waliliita ghala, ingawa lilikuwa ofisi yenye taipureta na picha ya wahitimu wa kipaimara.

Kulikuwa na jambo moja sikulielewa. Sebuleni mbao za sakafu zilielekea mlimani, halafu katikati ya chumba ziligeuka zikaelekea mjini. Nilidhani waliishiwa mbao ndefu.

Tatizo la nyumba lilikuwa kuvuja. Masika ikianza, tulipanga ndoo tatu na sufuria moja sebuleni. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imeachiwa huru, maduka ya mjini yamejaa, na saruji ambayo zamani ulitafuta kwa kibali sasa ilipangwa hadi barabarani. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa usharika alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Daraja Mbili. Alikuwa mzee mchangamfu kutoka Kilimanjaro, na mabati ya rangi yalimkosesha usingizi.

"Mchungaji, hii nyumba imezeeka kuliko wewe na mimi," alisema siku moja, akiruka ndoo. "Inavuja kama kikapu. Tuibomoe, tujenge ya kisasa. Paa la bluu."

"Bluu?" Mama Mchungaji aliuliza.

"Au kijani, mama. Nitakuletea uchague."

Akaeleza mpango. Nyumba mpya ingesimama pale lilipo jiko la nje, kwa hiyo jiko ndilo lingebomolewa kwanza. Kamati ingekuja Jumamosi ya pili kukata shauri.

Nilikuwa nimeshika trei ya chai. Niliiweka mezani polepole nisimwage. Ndugu wa baba walikuwa tayari kutuchukua, lakini kwa kutugawa, mmoja huku na mmoja kule, na nilikuwa nimemwahidi mama tutakaa pamoja. Sikuwa na mahali pengine pa kuwapeleka.

Ijumaa iliyofuata nikasugua sakafu kama kawaida. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha madoa meupe kwenye nta, palepale ndoo zinapowekwa. Nilikuwa nimeyasugua madoa yale mara nyingi, lakini siku hiyo niliyatazama. Yalijipanga mstari mmoja kama mshono wa gauni, juu ya pale mbao zinapogeuka. Nikaacha brashi, nikatoka nje hadi penye mkaratusi, nikatazama juu. Pale mwisho wa nyumba ya mawe na mwanzo wa nyumba ya matofali, juu ya katikati ya sebule, mapaa mawili yalikutana, na katikati yake kulikuwa na mfereji wa bati ambao ukiwa chini huuoni vizuri.

Nikamwendea fundi aliyekuwa akiziba paa kila mwaka, nikamwambia maji yanatoka mferejini.

"Dada, bati likitoboka juu, maji yanaanguka chini," alinijibu. "Hakuna hesabu nyingine."

"Umebadilisha mabati mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Na ndoo zimehama?"

Akajikuna shingo. "Lete ngazi," akasema.

Mchungaji alinikuta nimeshaweka mguu kwenye ngazi. Akanitazama, akalitazama paa. "Mwanangu, binti akionekana juu ya paa la mchungaji, wazee wataniuliza."

"Utawajibu nini, baba?"

"Nitawajibu mimi nilikuwa Olasiti, kwenye mazishi," akasema, akachukua baiskeli yake akaenda Olasiti, na kweli mazishi yalikuwepo.

Mfereji ulikuwa umejaa majani ya mkaratusi ya miaka mingi, yameoza na kuwa udongo mweusi. Mche wa mpera ulikuwa umeota humo. Chini ya udongo, bati lilikuwa limeliwa na kutu upana wa viganja viwili. Maji yaliingia hapo, yakashika boriti, yakatembea nayo na kudondoka sehemu nne. Fundi alicheka mpaka nikahofia ataanguka. Tulitoa uchafu ndoo kumi na moja. Bati jipya la mfereji tulilipata kwa mwenyekiti mwenyewe; fundi hakumwambia linapelekwa wapi.

Jumamosi kamati ilikuja, watu sita, na mvua ikaja nao. Mwenyekiti aliingia akainua mguu kuruka ndoo, akakuta hakuna. Akakaa kwenye kiti chake cha pembeni alichozoea. Mvua ilipiga bati hata sala ya kufungua hatukuisikia. Nilipomaliza kumimina chai, wote sita walikuwa wanatazama dari. Mimi pia nilitazama, birika mkononi.

Hakikudondoka kitu. Baada ya muda mwenyekiti alivuta kiti chake hadi katikati ya chumba, juu ya mshono wenyewe, akakaa.

"Nani ameziba?"

Fundi, aliyekuwa mlangoni, akanielekezea kidole. Nikaeleza kuhusu madoa, mbao na mapaa mawili. Mwenyekiti akainama, akapitisha kidole pale mbao zinapogeuka.

"Miaka tisa nakaa humu vikaoni," akasema, "nikijua hii ni nyumba moja."

Waliamua nyumba ibaki, na jiko libaki. Mabati ya bluu yakaenda kwenye nyumba ya mwinjilisti ng'ambo ya barabara, ambayo bado ipo na inaonekana kutoka mbali sana. Sisi tulikaa jikoni mpaka mdogo wetu wa mwisho alipomaliza kidato cha nne, na kila mwaka kabla ya masika nilipanda kuondoa majani.

Masika ya mwaka uliofuata kikao kile, mwenyekiti alikuja tena, mara hii jikoni kwangu. Alikuwa amehamia nyumba yake mpya kule Daraja Mbili, yenye paa la mikunjo saba, kila mkunjo na mfereji wake. Alisimama mlangoni akizungusha kofia.

"Binti," akasema, "una nafasi kesho?"

Nikamkaribisha kiti. Nikamuuliza matone yanaangukia wapi.