Dawa Haionjeshwi

Mwanangu, iko siku moja naikumbuka kama ya juzi, ingawa nilikuwa msichana mwenye meno yote kinywani. Nilikaa kwenye benchi la zahanati, mdogo wangu Mwanaidi kanilazia mguu mapajani, umevimba hata kifundo hakionekani. Mimi ndiye niliyemfikisha katika hali ile. Wala si kwa ubaya, kwa mapenzi.

Nikueleze tangu mwanzo. Sisi wa kisiwa cha Bwejuu tumekua tukichokoa pweza. Maji yakitoka unashuka mwambani na nondo yako, unachungulia tundu kwa tundu. Kazi hiyo ndiyo iliyonijengea nyumba hii ya matofali unayoiona. Shule niliiachia darasa la tatu, na usinitazame kwa jicho la huruma. Wapo wenye vyeti wanaokuja hapa kuniuliza mambo.

Basi siku moja tumbawe likanichana unyayo. Nikadharau, nikafunga kitambaa. Siku ya pili yake kidonda kina usaha, na mtoki umenivimba kinenani, natembea kama bata. Zahanati wakanipa vidonge vya rangi mbili, vile vyekundu na vyeusi, wakaniambia nimeze siku saba bila kuruka.

Siku ya tatu nilikuwa mzima. Maumivu hakuna, mtoki umeshuka. Mchana huohuo Mwanaidi akarudi kutoka mwambani anachechemea, naye kachanwa. Sasa, kwetu jirani hapiki kikanukia usionjeshwe. Ukiunga samaki kwa nazi, bakuli moja linakwenda kushoto, jingine kulia. Nikamtazama mdogo wangu, nikatazama vidonge vilivyobaki, nikajiona mchoyo wa kutupwa, kumeza dawa peke yangu nami nimeshapona. Nikampa vyote. Vingine akameza, vingine tukavifungua tukamwagia unga wake juu ya kidonda, kama walivyofanya wengi. Kikakauka juu, kizuri kabisa. Mwanaidi akasema dada yake angefaa kuwa daktari, mwandiko mbaya tayari anao.

Haikupita wiki. Changu kikafumuka kidogo, chake kikafumuka kwa hasira. Ndipo tukafika kwenye lile benchi, mbele ya Bi Saumu. Huyu alikuwa nesi mtu mzima, mzaliwa wa visiwa hivihivi, kachokoa pweza kabla hajavaa nguo nyeupe. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia, macho yake yako mguuni, penye mabaki ya unga wa dawa. Akauliza mgonjwa kapata dawa wapi. Nikamweleza, tena kwa kujivuna.

"Umemwonjesha dawa?"

"Ndiyo, Bi Saumu."

"Kwani dawa ni mchuzi?"

Akavuta kigoda, akakaa karibu yangu, sauti ikashuka.

"Ukiingia mwambani, pweza gani unamkamata kwanza?"

"Mjinga. Aliyejikalia mlangoni."

"Anayebaki?"

"Mjanja. Kajitia rangi ya jiwe, kavuta vijiwe kaziba tundu."

"Ukiondoka ukamwacha huyo, atazaa watoto wa namna gani?"

"Wajanja kama yeye," nikajibu. Akaendelea huku anasafisha kidonda. Akaniambia bakteria ni vijidudu visivyoonekana kwa jicho, vikiingia penye mchaniko vinazaana upesi na vingine vinatema sumu inayoozesha nyama. Damu yetu ina askari wa kuvila, na mtoki ni kambi yao. Ukivimba, ujue vita vimepamba moto. Lakini vijidudu navyo vina hila. Vipo vinavyojivika utelezi, askari akishika vinaponyoka. Vipo vinavyojikusanya chini ya utando kama ule ukungu wa jiwe la baharini, dawa isivifikie vizuri. Rangi mbili inakuja kuwasaidia askari, na vinavyokufa mwanzo ni vijidudu dhaifu. Ndiyo maana siku ya tatu nilijiona mzima. Vile sugu vilikuwa bado vimo, na mimi nimeondoa nondo. Yaani tulichagua wajinga tukawaua, tukawafuga wajanja katika miguu miwili, wangu na wake.

Nikajifanya kuuliza swali la maana: na mafua je, rangi mbili inayatoa? Akacheka. Mafua ni virusi, akasema, vidogo kuliko bakteria, havina hata jiko lao. Kirusi huingia ndani ya chembe ya mwili wako, kikailazimisha ikipikie, yaani ikitengenezee virusi vingine. Tena hubadili kanzu. Askari waliokijua mwaka jana wanakutana nacho wanakipisha. Rangi mbili haikigusi hicho. Kwa baadhi ya virusi iko chanjo, inayowaonyesha askari sura ya adui kabla hajaja.

Siku ileile tukavushwa kwa boti kwenda hospitali, Kilindoni. Daktari akachora mstari kwa kalamu juu ya kifundo cha Mwanaidi, pale wekundu ulipoishia. Akasema anambadilishia dawa, ila wekundu ukiupita mstari ule na kuendelea kupanda, mguu unakatwa. Siku nne niliutazama mstari. Mdogo wangu anaweweseka kwa homa, mimi naomba Mungu ageuze, anipe mimi. Siku ya tano wekundu ukaanza kurudi nyuma. Mguu ukabaki, vidole viwili vilivyooza vikakatwa.

Alipozinduka jambo la kwanza alimwambia nesi asinipe mimi vile vidole, nitawaonjesha majirani. Nililia na kucheka kwa pamoja. Hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kwa hiyo nisikilize. Kidonda kioshe kwa maji safi na sabuni mapema, usingoje mtoki. Ukipewa dawa, imalize kama ulivyoambiwa, hata ukijiona unaweza kukimbia. Usiweke akiba ya vidonge, usimpe nduguyo, usipokee vyake. Mafua yakikushika usimkabe mhudumu akupe rangi mbili. Chanjo ikija, wapeleke watoto. Pika umwonjeshe jirani, hilo usiliache. Ila akiumwa, mapenzi yako yawe miguu ya kumfikisha zahanati.

Mwenyezi Mungu akupe mwili unaojitetea, akili ya kuusaidia, na ndugu wa kukusamehe ukikosea. Amin, mwanangu.