Ndege Iliyopimwa Asubuhi

Katika nyumba nyingi za Bulla Iftin, mjini Garissa, kabati la vioo ni la vikombe vya wageni na chupa za chai zilizochorwa maua. Kwa Kadar Abdille kabati hilo lina ndege thelathini na saba za kuchezea, na kila moja, ukijua pa kuikunja, huinuka ikawa roboti. Mabawa hushuka yakawa mikono, pua hujificha kifuani, magurudumu hupotea nyuma ya miguu. Vikombe vya Safiyo, mkewe, vilihamia jikoni ndani ya katoni, na jambo hilo Safiyo hulitaja kila Idi mbele ya wageni, lisije likasahaulika.

Kadar si mtoto. Ana miaka hamsini na minne, ndevu zake ni nyekundu kwa hina, na ni dalali wa mifugo anayeheshimika sokoni. Mwenye ng'ombe humkabidhi kamba, kisha husogea kando kabisa, maana si adabu mwenye mali kusimama karibu mali yake ikipimwa. Kadar hatazami sana. Hushika. Hupitisha kiganja kwenye nundu, hubonyeza goti, hufungua mdomo, na kabla mnunuzi hajamaliza salamu yeye ameshajua mnyama alilala wapi na amekula nini. Tena ana kanuni moja ambayo haivunji: hapimi mnyama asubuhi. Ng'ombe aliyenyweshwa maji alfajiri hujaa tumbo akadanganya macho. Msubiri hadi adhuhuri, jua limchome, ndipo utamwona alivyo.

Hizo ndege zilimwingia miaka kumi na moja iliyopita, mbele ya rundo la mitumba. Alikuwa anatafuta koti. Akaokota kidude cha plastiki chenye bawa moja, akakizungusha, na goti la kile kidude likakaza kisha likaachia mkononi mwake sawasawa na goti la ndama mzima. Kadar akachuchumaa palepale hadi alasiri, koti akalisahau. Baadaye alimweleza Safiyo kwamba utotoni, akichunga mbuzi upande wa Hulugho, alikuwa akifinyanga ngamia wa udongo, lakini ndege zilizopita juu yake hakuweza kuzifinyanga hata siku moja, kwa sababu hakujua zimeungwaje chini. Safiyo alisikiliza yote hayo, akamuuliza koti liko wapi.

Kupenda vitu ni jambo moja, kuvijua ni jingine, na Kadar alivijua. Alijua plastiki inayopauka na inayopasuka, skrubu inayokula tundu lake, bawa zuri la kutazama ambalo siku ya kumi linaning'inia. Mtu wa Nairobi akamwingiza kwenye kundi la simu la wakusanyaji, watu sitini na kitu kutoka Mombasa hadi Rhamu, na ndani ya mwaka mmoja hapakuwa na mtu aliyenunua ndege mpya kabla ya kusikia sauti ya Kadar. Nyumbani wao husema Kisomali, lakini kundini alitumia Kiswahili chake cha sokoni, na watu walikipenda hivyohivyo. "Hii blastiki yake ni fizuri," angesema, na bidhaa ingeisha Nairobi nzima. Ndege nazo aliziwekea kanuni ileile ya mnadani. Huziweka juu ya bati uani, adhuhuri, saa nzima, kisha huzishika. Ndege iliyokaza vizuri kwenye baridi ya Nairobi hulainika kwenye jua la Garissa ikaanguka kifudifudi kama mlevi.

Wa pwani husema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kadar hajawahi kuonja tembo wala kumwona mgema, lakini methali haiulizi mtu kabila.

Binti yake Ikran alikua chini ya kabati hilo. Watoto wa wenzake walikatazwa kugusa. Yeye alikabidhiwa bisibisi akiwa na miaka kumi na mitatu. Kadar alimfundisha kutibu bega lililovunjika kwa waya wa spoki ya baiskeli: kichwa unakipondaponda kiwe bapa, mkia unaukunja mara mbili, ya kwanza kulia, ya pili kurudi nyuma. Baba yake Kadar alikuwa akifunga hivyohivyo ulimi wa kengele ya ngamia, ngamia akatembea mwezi mzima na ulimi usidondoke.

Sasa Ikran ana miaka ishirini na tatu na amemaliza chuo cha ufundi. Chuoni kuna mashine inayojenga vitu vya plastiki kwa tabaka, nyuzi juu ya nyuzi, na mwalimu alimruhusu kuitumia jioni. Kwa miezi minane alitengeneza ndege yake mwenyewe inayogeuka roboti, akavunja, akatengeneza, akavunja. Baba yake alidhani anajifunza kompyuta. Wakati huohuo mjomba wake Abdihafid alikuwa amemtafutia kazi ya ofisini, kazi nzuri, ya kiti na feni, na alitaka jibu ifikapo Jumatatu. Ikran akapatana na mama yake. Ndege ipimwe na mtu asiyejua ni ya nani. Akisema ni nzima, Ikran ataendelea na kazi ya mikono yake. Akisema ni mbovu, Jumatatu atavaa viatu vya ofisi na hatalizungumza tena.

Mpimaji wa Kenya nzima alikuwa mmoja tu, na alikuwa analala chumba cha pili. Basi Ikran akaifunga ndege kwenye boksi, akaituma kwa basi hadi Nairobi kwa Abdisamad, mwenye duka Isili na mwanachama wa kundi, naye Abdisamad akaibandika karatasi mpya na kuirudisha Garissa kwa basi lilelile. Ndege ilisafiri kwenda na kurudi ili itoke chumba cha Ikran ifike sebuleni. "Kuna fundi wa hapahapa Kenya," Abdisamad alitangaza kundini. "Jina amelificha. Mzee Kadar atuambie."

Boksi lilifika Jumamosi saa mbili na nusu asubuhi. Kadar alilifungua kwenye zulia. Ikran alikuwa jikoni akichemsha chai, mlango wazi, mgongo wake ukisikiliza.

Kadar akaishika ndege. Akakunja bawa la kulia, akatazama ndani ya bega, akaona waya wa spoki. Kichwa bapa. Mkia umekunjwa mara mbili, ya kwanza kulia, ya pili kurudi nyuma.

Kadar alijua palepale ni ya nani, na furaha iliyompanda ilimtisha. Sokoni dalali hapimi mnyama wa nyumbani kwake. Humpa mwenzake kamba akasogea. Hilo ndilo alilopaswa kufanya. Lakini akisema "hii ni ya nyumbani kwangu, apime mwingine," atakuwa ameifichua siri ya mwanawe mbele ya watu sitini. Na akiisifu, siku moja itajulikana ni ya nani, na watu watasema Kadar naye anasifu vya kwake. Miaka kumi na moja ya neno lake itageuka kicheko. Alikaa na ndege mkononi akijihisi mwizi. Alitaka jambo liishe upesi. Hakwenda uani, hakungoja jua. Alitafuta kosa, na mtafuta kosa halikosi. Akabonyeza simu.

"Salaam aleikum, jamaa. Hii ndege ya fundi ya Kenya nimeshika. Rangi ni sawa. Mguu ya kushoto imelegea. Lakini bega ndio mbaya kabisa. Iko na nafasi ndani, inacheza kama jino ya ngamia mzee. Huyu fundi hajaiva. Arudi kwanza afundishwe. Mimi sinunui, na nyinyi musinunue."

Akaachia. Sauti ikaenda.

Ikran alikuja na chupa ya chai, akaiweka mezani taratibu, akamimina kikombe kimoja bila kumwaga tone, akarudi. Kadar alisikia mlango wa chumba cha Ikran ukifungwa, si kwa kishindo, akakirudisha kikombe mezani.

Safiyo akaingia, mikono ina unga.

"Unajua umefanya nini?"

"Nimepima ndege."

"Unajua ni ya nani?"

Kadar angeweza kudanganya. Safiyo alikuwa amemfungulia mlango wa kudanganya, akasimama kando.

"Nilijua nilipoishika," akasema.

Mlango wa chumba ukafunguka. Nyumba za Bulla Iftin kuta zake ni nyembamba.

"Ulijua, Aabo?" Ikran aliuliza. Hakuwa analia bado. "Ulijua ni mimi, ukawaambia sijaiva?"

"Ningekusifu, wangesema ni upendeleo."

"Sikusema unisifu. Nilitaka unipime." Sauti yake ikapanda. "Ingekuwa ya mtoto wa watu ungeipima saa tatu asubuhi? Ungeacha kuiweka juani? Wageni wote unawangojea adhuhuri, Aabo. Mimi hukunipa hata ile saa moja ya jua!"

Kadar aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayoshuka hadi miguuni. Aliogopa sana kuonekana anampenda mwanawe hata akamnyima haki anayompa kila mtu.

Ikran aliichukua ndege yake, akafungua kabati bila kuomba ruhusa, akatoa tatu ambazo baba yake huwaonyesha wageni kwanza, akazipanga zote nne kwenye bati uani, zimesimama kama roboti, mikono mbele. Kisha akaketi kwenye kivuli cha tangi la maji. Kadar akaja akaketi pia, mbali kidogo, mahali anaposimama mwenye mali. Safari hii haikuwa saa moja ya kawaida, ilikuwa asubuhi nzima. Jua likapanda, mbuzi wa jirani wakajibanza ukutani, adhana ya adhuhuri ikaita, wakaenda kuswali, wakarudi.

Ya kwanza kuanguka ilikuwa ile ya kijivu ambayo Kadar aliiagiza kutoka Dubai. Mikono ilishuka taratibu, mmoja baada ya mwingine, ikainama. Ya pili ilibaki imesimama, lakini Kadar alipoigusa bega likalia kidogo, akaona ufa mwembamba. Ya tatu ililegea kiuno. Ya Ikran ilikuwa vilevile alivyoiweka, mikono mbele.

Kadar akaishika kwa ncha ya kilemba chake, maana ilikuwa moto. Akavuta bega. Ile nafasi ya asubuhi haikuwepo. Bega lilikaza, likazunguka kwa uzito mmoja, likakaa pale alipoliacha.

"Waya haunenepi sana," Ikran alisema kutoka kivulini, bila kumtazama. "Plastiki inanenepa kwenye joto. Niliacha nafasi ili ikinenepa ikamate. Nilipima juani mara arobaini. Sikuitengeneza ya watu wa Nairobi, Aabo. Niliitengeneza ya hapa."

Kadar aligeuza lile bega tena, na tena. Alitamani baba yake angekuwepo aishike.

"Mimi sikuwahi kuliwaza hilo," akasema mwishowe. "Miaka yote hii nilikuwa natafuta zinazokaza. Nisamehe, mwanangu. Si kwa kukosea kupima tu. Kwa kuogopa watu."

Ikran alichora mchangani kwa kidole. Kadar akatoa simu, akaisogeza mdomoni mbele yake ili asikie, akabonyeza.

"Jamaa, ile sauti ya asubuhi muitupe. Nilipima hii ndege bila jua, na mimi ndio nawaambianga mungoje jua. Nimekosa. Bega yake inashinda zangu zote tatu kubwa, nimeona kwa macho. Fundi anaitwa Ikran Kadar. Ni msichana yangu. Asubuhi nilijua ni yake, nikaogopa mutasema nasifu mtoto yangu, nikamfunja moyo mbele yenu. Sasa hii ni maneno ya baba, musiniamini. Narudisha kwa Abdisamad, mushike wenyewe. Hiyo ndege ni nzima."

Kidole chake kilikuwa bado kwenye kitufe. Ikran aliinuka, akaja, akainyakua simu kabla haijatuma, akaifuta ile sauti.

"Nini tena?" Kadar aliuliza.

"Umesema nzima. Si nzima. Mguu wa kushoto umelegea kweli, juani na kivulini. Hilo ulilisema asubuhi na ulisema kweli." Akamrudishia simu, macho mekundu. "Ukiuficha mguu, hawataliamini bega."

Safiyo alikuwa amesimama mlangoni kitambo. "Na Abdihafid nimwambie nini Jumatatu?" akauliza.

"Mwambie ahsante, kiti ampe mwingine," Ikran alisema. "Jumatatu nina mguu wa kutengeneza."

Kadar akasafisha koo, akabonyeza upya, akatoa salamu, kisha akaanza na mguu.