Sentensi Mbili za Darasa la Nne

Harufu ya wino wa mashine ya kurudufisha ilitufikia kabla ya karatasi zenyewe. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mwalimu mkuu alipofungua mlango wa ofisi yake, harufu ile, iliyokuwa kama mafuta ya taa yaliyotiwa sukari kidogo, ilivuka uwanja ikaingia darasani kupitia madirisha yasiyo na vioo, nasi watoto wa darasa la nne tukaacha kuandika tukainua pua kama paka walionusa samaki. Ilikuwa miaka michache ya kwanza baada ya vita vilivyoing'oa serikali ya kijeshi. Shule yetu ilikuwa kwenye mteremko juu ya Kisenyi, mtaa wetu, na waporaji walikuwa wamebeba madawati, kengele, hata bawaba za milango. Tuliketi juu ya matofali, na kengele yetu mpya ilikuwa rimu ya gari iliyopigwa kwa spana. Mashine ile ya kuchapia peke yake ilisalimika, labda kwa sababu waliopora hawakujua ni ya kazi gani, na mwalimu mkuu, mama mnene wa maneno machache, akaamua kwamba shule isiyo na madawati inaweza angalau kuwa na habari. Basi kila mwezi tulipewa karatasi moja ya kupeleka nyumbani, imechapwa pande mbili kwa Kiingereza: darasa lipi limeongoza kwa usafi, nani ameugua surua, lini wazazi waje na majembe kufyeka nyasi. Chini kabisa palikuwa na sehemu iliyoitwa Malezi Nyumbani, ambamo mwalimu mkuu aliwashauri wazazi namna ya kuwaongoza watoto wao.

Mama hakujua Kiingereza, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Aliketi kwenye mkeka mlangoni akisuka vikapu vyake vya rangi, vile ambavyo wanawake wetu wa Kinubi husifiwa kwavyo, na mimi nikisoma mstari na kuugeuza kwa Kiswahili. Habari za usafi na surua alizisikiliza nusu nusu, lakini tukifika Malezi Nyumbani aliutoa mdomoni uzi wa ukili na kusema, "Hapo soma mara mbili." Mama aliamini kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kwa kuwa aliachwa peke yake kutulea mimi na mdogo wangu Musa, aliogopa mno kukosea. Chochote kilichosemwa na karatasi alijaribu kukifanya. Karatasi iliposema kwamba wazazi wazungumze na watoto wakati wa kula, mama, aliyekuwa ametufundisha kwamba anayeongea mbele ya sinia anakula na shetani, alinitazama jioni ile juu ya ugali akasema, "Haya, zungumza." Musa alicheka, akapigwa kibao, kisha mama akakumbuka kwamba mwezi uliopita karatasi ilikataza vibao, akaona haya, sote tukala kimya.

Mambo mengi ya wakati ule yalinichanganya hivyo. Shuleni nilipigiwa makofi kwa kumsalimia mwalimu nikiwa nimepiga magoti kama wasichana wa Kiganda; nyumbani nilipojaribu, mama aliniinua kwa mkono mmoja akaniambia kwetu magoti ni ya Mungu. Nyumbani tulitumia Kinubi na Kiswahili. Nikivuka kizingiti tu, Kiswahili kilipaswa kubaki nyuma, kwa sababu barabarani watu walikiita lugha ya askari, na walikuwa na sababu zao. Zaidi ya yote lilikuwepo suala la baba. Baba alikuwa dereva katika jeshi lililoshindwa, ambalo askari wake walikuwa wakisakwa. Siku mji ulipotekwa hakurudi, na mama alinifundisha jibu moja kama anavyofundishwa mtu sala: nikiulizwa, niseme baba amekwenda Kenya kutafuta kazi. Nilisema hivyo kwa miaka miwili hivi, mpaka nikaanza kumwona akilini akiwa Kenya kweli, ameketi mahali penye baridi, amevaa sweta.

Kisha siku moja nilirudi kutoka shuleni adhuhuri nikamkuta mwanamume kwenye chumba cha ndani. Alikuwa amekonda, ndevu zimemfunika uso, na pazia lilikuwa limeshushwa ingawa jua lilikuwa utosini. Mama alikuwa akimkanda mguu kwa maji ya moto yenye chumvi. "Huyu ni mjomba wako," alisema bila kunitazama. "Ni mgonjwa. Usimwambie mtu." Nilimwamkia mjomba, naye akaitikia kwa sauti ya kukwaruza. Nilikuwa na miaka tisa. Uso wa baba ulikuwa umefutika kidogo kidogo kichwani mwangu, na mama hakuwahi kuniambia uongo, au ndivyo nilivyodhani. Wiki ile yote nilimtazama mjomba kupitia ufa wa mlango. Alikula kwa mkono wa kushoto akisahau, kisha akahamia wa kulia. Alimtengenezea Musa ndara za mpira wa tairi. Siku ya tano, nilipokuwa napita na ndoo, alisema taratibu, "Koplo, niletee maji ya kunywa." Nilisimama pale pale. Koplo lilikuwa jina alilonipa baba tangu nilipoanza kutembea, kwa sababu, alisema, nilikuwa nikimwamrisha kila mtu. Nilimletea maji. Tangu hapo kichwani mwangu wanaume wawili walivaa shati moja.

Mwezi ule Malezi Nyumbani ilizungumzia ukweli. Nakumbuka nilivyosoma: mtoto afundishwe kusema kweli daima, na akisema kweli, hata ikiwa chungu, asiadhibiwe. Nilisoma mara mbili kama kawaida. Mama aliendelea kusuka, lakini niliona amekosea rangi akalazimika kufumua safu nzima. Wiki iliyofuata mwalimu wetu wa darasa, Mwalimu Nakato, msichana mgeni aliyetoka chuoni na asiyejua lolote kuhusu mtaa wetu, alituambia kwamba mwalimu mkuu anataka karatasi iwe na sauti za watoto. Kila mmoja aandike sentensi mbili za habari kutoka nyumbani kwao. Aliyekuwa karibu nami aliandika kwamba mbuzi wao amezaa mapacha. Mimi nilikaa muda mrefu nikitafuna kalamu. Sikutaka kusema uongo, na pia sikutaka kumfanya mama kuwa mwongo. Nikaona nimepata njia ya katikati. Niliandika, kwa Kiingereza changu cha darasa la nne: "Tuna mgeni nyumbani. Mama anasema ni mjomba, lakini mimi nadhani ni baba."

Mwalimu Nakato alisoma akatabasamu, akanishika kichwa. Sentensi zangu zilichapwa, pamoja na jina langu, chini ya wale mbuzi mapacha. Nilipomsomea mama karatasi Ijumaa ile, mistari hiyo niliiruka.

Nilijua kuna jambo siku ya Jumamosi, kwenye bomba la maji. Kisenyi ya wakati ule mamia ya watu walichota kwenye bomba moja, na habari zilijaa pale kabla ya madumu. Wanawake walinitazama wakacheka. Mmoja aliniuliza, "Zainabu, na wewe huyo mgeni unamwita nani, baba au mjomba?" na mwingine akamwambia amwache mtoto, kosa si lake, kosa ni la mama yake. Sikuelewa wanachekea nini. Niliogopa wamegundua kwamba baba yupo; kumbe wao walisoma kitu kingine kabisa. Waliona mwanamke ambaye mumewe yuko Kenya, ana mwanamume chumbani na amemfunza bintiye kumwita mjomba. Haya nimeyapanga sasa, nikiwa mtu mzima. Siku ile nilichojua ni kwamba nilisema kweli na watu wanacheka, na kwamba mama, niliporudi, alikuwa ameketi mkekani bila kusuka, ile karatasi iko mapajani pake. Jirani mmoja alikuwa amekwisha kumsomea.

"Wewe ndiye uliyeandika?" aliniuliza.

"Ndiyo, mama."

Nilisubiri kofi. Sikulipata. Aliikunja karatasi mara nne, akaitia kifuani, akaingia ndani. Nikasikia sauti yake na ya baba zikipishana kwa Kiswahili cha chinichini, kile cha kambini, walichotumia jambo lilipokuwa zito. Mama alikuwa akimwambia aondoke kabla ya alasiri.

Hakupata nafasi ya kuondoka. Muda si mrefu mwenyekiti wa kamati ya mtaa alibisha hodi. Tulimwita Ssalongo, kwa sababu alikuwa baba wa mapacha. Alikuwa fundi wa springi za magari, mikono yake myeusi kwa grisi hata siku za mapumziko, na mwanawe alisoma darasa la pili shuleni kwetu. Chini ya kwapa alikuwa na daftari kubwa la mtaa, ambamo kila mgeni aliyelala kwetu hata siku moja ilibidi aandikwe. Nje, nyuma yake, wanawake wa bombani walikuwa wamepata ghafla kazi za kufanya karibu na mlango wetu.

"Mama Zainabu," alisema kwa Kiswahili chake cha Kiganda, kwa kumheshimu mama tu, kwani hata Luganda mama aliijua, "mimi nimesoma kalatasi ya watoto. Inasema hapa iko mugeni. Kitabu yangu haijui huyu mugeni."

Mama alifungua kinywa. Leo najua alikuwa na majibu mawili tu. Akisema ni mjomba, mtaa mzima ungesema ni hawara, na Ssalongo angetaka kumwona huyo ndugu na vitambulisho vyake. Akisema ni mume wake, angemkabidhi serikalini kwa mkono wake mwenyewe. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, lakini siku ile mtungi ulikuwa umekwisha kupasuka, na mimi niliyeupasua nilisimama katikati yao nikimtazama huyu na kumtazama yule. Mama alisema, "Ni..." akakwama. Nje mtu alicheka.

Nadhani ni kicheko kile kilichomtoa. Pazia la chumba cha ndani likafunguka, baba akachechemea mpaka mlangoni, mahali ambapo kila mtu angemwona, akiwa amekaza kofia ya swala kichwani.

"Mimi ndiye mume wake," alisema kwa sauti kubwa, si kwa ajili ya Ssalongo bali kwa ajili ya wale wa nje. "Hakuna mwanamume mwingine katika nyumba hii. Andika jina langu."

Ssalongo alichomoa kalamu mfukoni. "Na kazi?"

"Dereva. Jeshi la zamani."

Kicheko kilikatika. Ssalongo alifungua daftari juu ya goti akaandika polepole, herufi moja moja, grisi ikiacha alama pembeni mwa ukurasa. Alipomaliza alisema, "Kesho asubuhi tunaenda pamoja kwa wakubwa wa serikali. Mimi nitaongea na wao." Kisha akamgeukia mama akamwomba radhi kwa maneno ya watu, akatoka. Mama alikuwa akilia, na kwa jinsi alivyokuwa akilia sikuweza kujua kama ni kwa hofu au kwa kitu kingine, maana mkono wake ulikuwa umeishika kanzu ya baba kwa nguvu mbele ya watu, jambo ambalo sijaliona kabla wala baada ya siku ile.

Baba alikwenda na Ssalongo asubuhi hakurudi kwa miezi mitatu. Hiyo ndiyo miezi ambayo mpaka leo siwezi kuieleza vizuri. Mama alinipikia, alinisuka nywele, alinisomesha Kurani, lakini hakunilaumu hata mara moja, na kutolaumiwa kuliniuma kuliko fimbo. Niliwahi kumwomba anipige. Alinijibu, "Karatasi yenu imekataza." Mpaka leo sijui kama alikuwa ananidhihaki au anatii. Mwezi uliofuata karatasi ilikuja kama kawaida, na mwalimu mkuu, nadhani baada ya kusikia yaliyotokea, aliandika kwamba wazazi wawafundishe watoto kuwa si kila jambo la nyumbani ni habari. Nilipomaliza kusoma, nilimtazama mama nikitarajia aseme nisome tena. Aliurudisha uzi wa ukili mdomoni.

Baba alirudi akiwa na karatasi yenye mhuri, ndevu zimenyolewa, mguu umepona. Hatukuambiwa alikokuwa wala alichoulizwa. Alipata kazi kwenye gereji chini ya mtaa, akaingia na kutoka kwa mlango wa mbele mchana kweupe, na wale wanawake wakamsalimia kana kwamba hawakuwahi kusema lolote. Mficha uchi hazai, watu walimwambia mama, wakinisifu mimi, na mama akaendelea kusuka. Miaka mingi baadaye, baba akiwa mzee, nilimuuliza kama nilitenda vema. Alifikiri, akasema, "Koplo, ningeweza kufa. Pia ningeweza kuzeekea nyuma ya pazia." Akaomba chai.

Leo ninaishi Kyambogo, upande mwingine wa mji, na habari za shule ya binti yangu hunifikia kwenye simu mara tatu kwa siku: picha za watoto wakipanda maua, vikumbusho vya chanjo, mashauri ya malezi yenye michoro ya rangi. Hazina harufu. Mwezi uliopita walituma fomu ya kuuliza kama ninakubali picha na maneno ya mtoto wangu yatangazwe, na chini pana visanduku viwili, ndiyo na hapana. Kwetu hakuna aliyeuliza. Hapa wanauliza, na nilifurahi, kisha nikakaa na fomu ile siku tatu bila kuijaza. Mwishowe nilimwita binti yangu nikamuuliza anapenda nini. Alinitazama kwa mshangao akasema, "Kwani mama, sisi tuna cha kuficha?" Alipotoka kwenda kucheza, niliweka alama kwenye hapana, nikaituma haraka kabla sijabadili mawazo, na nikabaki nimeishika simu, nisijue ni nani niliyekuwa namlinda.