Ukurasa Alioubandika Mama Gundi

Maktaba ile ina ghorofa mbili za watu na chumba kimoja cha chini cha Mama Gundi. Huko ndiko vitabu vya watoto vinakopelekwa vikiwa hoi: kimoja hakina mgongo, kingine kimemwagiwa uji, kingine kimetafunwa na mtoto anayeota meno. Yeye anavishona, anavibandika, anavibana kwa ubao na jiwe, kisha anavirudisha juu vimenyooka. Ameifanya kazi hiyo mpaka wenzake wa juu wamesahau jina lake. Wakimhitaji wanapiga kelele ngazini, "Mama Gundi, wagonjwa wako hawa!" Wanacheka wenyewe, wanaondoka. Siku nyingine hayo ndiyo maneno pekee anayoambiwa na binadamu kutwa nzima.

Kitu kimoja alikijua kwa kushika tu. Katika hadithi za zamani, zile za mazimwi na mama wa kambo, kurasa za kutisha ndizo zinazochakaa. Ukurasa wa zimwi utaukuta umejaa alama za vidole, pembe zimekunjwa. Ukurasa wa harusi, kule mwishoni, uko safi kama umetoka dukani leo. Ukiwaambia wakubwa hawakuelewi. Watakwambia watoto wanataka raha mustarehe. Watoto gani hao, jamani?

Sasa, kitabu kimoja kikaletwa hakina mwisho. Ilikuwa hadithi ya ndugu wawili walioachwa msituni na baba yao kwa sababu chakula hakitoshi, wakanusurika chupuchupu kuliwa na kizee. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umenyofolewa, na hapakuwa na nakala nyingine. Mkuu wa maktaba akasema, "Andika chochote, mama. Walirudi, baba akafurahi, basi." Mama Gundi akakaa mbele ya taipureta. Walirudi, sawa. Baba akafurahi, sawa. Akashindwa kuweka nukta hapo, vidole vikaendelea vyenyewe: Lakini tangu siku ile hawakulala wote wawili kwa wakati mmoja. Mmoja akilala, mwenzake anakaa macho, anaangalia mlango.

Hakuyaokota hewani hayo. Yeye na dada yake, wangali wadogo, walipelekwa na baba yao kwa watu baki, eti kwa wiki moja tu. Aliporudi kuwachukua, meno yao ya utoto yalikuwa yameshang'oka. Hawakumlaumu, walikuwa na adabu zao. Ila wakawa wanalala kwa zamu, bila kumwambia mtu, mpaka dada alipoolewa. Dada sasa ni marehemu. Mume naye ametangulia, na mtoto yuko mbali, simu zake za haraka haraka. Ukurasa ule ndio mahali pekee duniani ambapo Mama Gundi na dada yake walikuwa bado wawili.

Kwa hiyo mkuu aliposhuka ngazi na kitabu kile mkononi, Mama Gundi aliinuka kabla hajaambiwa kitu.

"Mzazi amelalamika," alisema mkuu. "Ukurasa huu unatoka leo, na mwenyewe amekuja ashuhudie."

Nyuma yake alisimama mwanamke kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Mkuu hapendi ugomvi. Akapanda zake juu.

"Wewe ndiye uliyeandika haya?"

"Ni mimi, mwanangu."

"Binti yangu halali! Anakaa kitandani macho kodo, anamlinda mdogo wake. Nikimwambia lala, ananijibu zamu yake haijaisha. Baba yao katuacha, nimehangaika nao peke yangu, nikasema kitabu kitawaliwaza. Kumbe!"

Mama Gundi aliona aibu ya kweli. Alipoandika alimtamani dada yake tu, hakutaka mtoto wa watu akeshe. Akachukua wembe, akafungua. Ukurasa wake ndio uliochakaa kuliko yote, umelegea kwenye mshono kwa kufunguliwafunguliwa. Mkono ukagoma.

"Kata basi."

"Nakata. Ila nikuulize, usinikasirikie. Alianza kukesha baada ya kukisoma, au kabla?" Basi Mama Gundi akamsimulia yote, dada, baba, wiki ile isiyokwisha, mambo ambayo hata marehemu mume wake hakuwahi kuambiwa.

Mama yule akajikalia juu ya boksi la vitabu. "Kabla," alisema polepole. "Tangu siku ile ile baba yao aliyoondoka. Nilikuwa najidanganya tu." Akajifuta uso kwa kiganja. "Usikate, mama. Ongeza. Sema kuna mtu alikuja."

"Akasemaje?"

"Akasema, laleni wote wawili, leo zamu ni yangu."

Mama Gundi akavuta taipureta. Akapiga neno la kwanza, laleni, akakwama hapo. Maisha yake yote, hakuna aliyewahi kuwaambia hivyo, si yeye wala dada yake.

"Hebu sogea kidogo," alisema yule mama. Akamalizia mwenyewe kwa kidole kimoja, akitafuta herufi moja moja, akausoma mstari wake mpaka mwisho. "Leo nitawaambia hivi hivi," alisema, kisha akapanda ngazi mbio kwenda kuwachukua wanawe shuleni. Hata kuaga hakuaga, na nani atamlaumu? Wanawe walikuwa wanamngoja.

Mama Gundi akapaka gundi, akabandika nyongeza ile chini ya maneno yake, akailainisha kwa dole gumba. Chumba kilikuwa kimya. Akausoma mstari ule kwa sauti, ili walau masikio yake yausikie: "Laleni wote wawili, leo zamu ni yangu."

Akalia kwa kwikwi, mtu mzima yule, kwa sababu sauti ilikuwa yake mwenyewe, si ya mtu aliyekuja.