Matela ya Mapasa, Bunia Mpaka Mongbwalu

Binti yangu Vumilia alizaa mapasa, watoto wawili mara moja, kule Mongbwalu, na alikuwa analala nao chini, kwenye mukeka. Ule mudogo alikuwa anakohoa. Baridi ya udongo haihurumie mutoto. Ndiyo sababu niliacha nyumba yangu ya Saio, hapa Bunia, mimi mwenye magoti mabovu.

Asubuhi, Bunia, pa kupakilia makamiyo, malori ya kwenda Mongbwalu, nilifika na matela kubwa ya sponji ya kulalia, sufuria tupu na mufuko wa maharagi. Dieudonné, mupakizi, aliangalia matela, akatikisa kichwa.

"Koko," aliniita vile wanaita bibi, "hii inabaki. Nafasi imeisha."

"Inabaki namna gani? Naibeba na mukono mumoja!"

"Kwa mukono ni nyepesi. Kwa kamiyo ni muzigo kupita simenti. Mufuko wa simenti iko nzito, lakini unakaa padogo. Matela yako inakula nafasi ya mifuko mingi, na ndani ni hewa. Siye hatupimi kilo tu, tunapima na nafasi."

"Na hizi sufuria?"

"Hewa tena. Weye unasafirisha upepo, Koko!"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimwanga maharagi yote ndani ya sufuria, nikafunga vifuniko. Kisha niliita wamama wachuuzi waliokuwa wanangoja kupanda. Tuliikalia ile matela mpaka ikatoa pumzi yote, tukaikunja, tukaikaza na kitenge, vile tunakaza tumbo ya mwanamuke mwenye kutoka kuzaa. Dieudonné akaisukuma kati ya mabidoni ya mafuta, ikaingia.

Saa ya mchana, kwenye kilima cha matope, kamiyo ililala upande. Wote tuliita Yesu. Haikuanguka. Ilisimama tena polepole, na ule mulima wote wa vitu juu yake.

"Simenti na misumari iko chini," Dieudonné, aliyepanda nasi, alisema. "Vyepesi juu. Uzito unashika barabara."

Kumbe huyu mutu aliwaza kile kilima mbele ya kufunga kamba ya kwanza!

Mangaribi, Mongbwalu, Vumilia alikata kitenge. Matela ikavuta pumzi, ikavimba, ikajaza chumba.

"Mama, hii uliipitisha wapi?"

"Kati ya mabidoni. Laza watoto."

Juma iliyofuata nilirudi Bunia. Miaka yote nilibeba muzigo kichwani na kuupima kwa shingo, na shingo inajua kilo tu. Wenye kutumia watoto wenu vitu kwa kamiyo, ondoeni hewa kwanza. Asubuhi ya kuaga, kule Mongbwalu, nilishika nyayo za ule mudogo. Zilikuwa na moto muzuri, baridi ya udongo ilishaisha.