Tumaini Hakuitika

Siku moja, mwanangu, ambayo hata leo naikumbuka, dada yangu alivunja fimbo ya mpera amchape binti yake kwa sababu aliitwa asiitike. Wakati huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nimehitimu vilevile kukaa nyumbani. Nilikaa kwa dada, hapo Rujewa, na safari yangu ndefu ilikuwa kutoka kitandani hadi jikoni.

Tumaini alikuwa na miaka mitano. Alikuwa ametoka hospitali, amepona homa ya uti wa mgongo, na jogoo wa kushukuru tulishamla. Kisha vituko vikaanza. Ukimwita, kimya. Kwenye kingo za majaruba ya mpunga, wenzake wakikimbia, yeye alitumbukia majini. Giza likianza kuingia aliyumba mpaka majirani wakatania, "Mjomba wake kampa pombe ya komoni huyo!" Kwa jinsi walivyonijua, sikuwalaumu.

Masikio hatukuyafikiria. Dada na shemeji walikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, na kwao kila mtu alipaza sauti, hata kuomba chumvi. Katika nyumba kama ile, mtoto asiyesikia anaonekana mkaidi tu.

"Tumaini! We Tumaini!" Mtoto alikuwa ametupa mgongo, anacheza na pumba kwenye kopo. Dada akainua fimbo.

"Ishushe hiyo," alisema bibi yetu, aliyekuwa anachambua mchele. "Asubuhi nimemnawisha uso. Alipofumba macho sabuni isiingie, akaanguka kama gunia. Huyu anasimama kwa macho yake, labda hata kusikia anasikia kwa macho. Na wewe mjomba mtu unashinda naye hapa, hukuona?"

"Nilikuwa nimelala, bibi."

"Najua. Amka basi, kampungie mkono mbele yake."

Nikaenda. Tumaini akainua uso, nikamwonyesha mama yake, akageuka.

"Abee, mama!"

Dada aliitupa fimbo. Wiki ile ile walikwenda Mbeya kupima. Homa ile ilikuwa imeua sikio moja, na sikio ndilo pia humshikia mtu mizani ya mwili. La pili lilisikia kidogo, likawekewa kifaa. Daktari aliwaambia kipimo hicho kilipaswa kufanyika mapema, mara tu mtoto alipopona, maana kuchelewa hupunguza nafasi ya kusaidiwa. Kutembea kulitengemaa polepole. Mimi nilipewa kazi ya kumshika mkono kwenye kingo, na aliyetumbukia mara nyingi zaidi nilikuwa mimi.

Kwa hiyo, mwanangu, mtoto akipona homa ile, mpeleke akapimwe masikio kwanza, hata kama unamwona mzima. Jogoo atasubiri. Akiyumba gizani, usicheke. Asipoitika, zunguka mbele yake ndipo umwite tena. Na kama wewe ni wa kushinda nyumbani kama mimi, basi angalau shinda macho wazi.

Mungu akupe watoto ukiwaita waitike. Na yule asiyeitika, ampe mtu wa kwenda kusimama mbele yake.