Dawa ya Kahawa Mgongoni mwa Yona

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, na laiti ningeweza kuisahau. Ilikuwa miaka ya tisini, wakimbizi walipojaa Kasulu. Nilikuwa mama kijana wa Rungwe Mpya, mwenye mtoto mmoja tu, Yona, na mdomo mrefu kuliko akili.

Kunguni waliingia kitandani. Yona akaamka na vipele vimejipanga mgongoni, anajikuna mpaka damu. Mama Odeta, mkimbizi wa Burundi aliyekuwa akinisaidia kulima, akaniambia nimwoshe kwa sabuni na maji baridi, nimwekee kitambaa kibichi, nimkate kucha. Muwasho ungeisha wenyewe baada ya siku chache.

Hapo nikajitia ujuaji. "Nyie ndio mliotuletea kunguni," nikamwambia, "halafu leo unifundishe kulea?"

Alichukua jembe lake akaenda shambani. Hao kunguni huenda walikuja na godoro la mtumba nililonunua mwenyewe mnadani, lakini nani angeniambia?

Mume wangu alikuwa na dawa ya kupulizia kahawa. Nikajisemea, inayoua mdudu itaua na muwasho. Nikampaka mtoto mgongo mzima, juu ya michubuko ileile. Haikupita muda akaanza kutoka udenda, akatapika, akalegea. Nilipopiga yowe, aliyekuja mbio na kumbeba ni Mama Odeta yuleyule. Tulikimbia kuelekea hospitali ya Kabanga. Hatukufika. Alisimama njiani, akamshusha Yona, akanifunika kitenge chake.

"Pole, mwana wanje," akasema, akiniita mwanangu kwa Kirundi chake.

Hakunilaumu hata siku moja, na afadhali angenitukana. Nimezaa wengine, nimetubu kanisani, na bado nikiona kahawa imechanua nageuza uso. Kikulacho ki nguoni mwako, na kilichonila mimi hakikuwa kunguni.

Basi nisikie, mwanangu. Mtoto akiumwa na kunguni, ni sabuni, maji baridi na kucha fupi. Matandiko uyachemshe, uyaanike juani. Vidonda vikitoka usaha au akipata homa, mpeleke zahanati, usione aibu. Dawa ya shamba ibaki shamba. Ikimgusa, mwoshe kwa maji mengi ukimbilie hospitali. Na mtu akikupa shauri, lisikilize kabla ya kuuliza ametoka wapi.

Mungu akulindie wanao, wasilipe kiburi chako kama Yona alivyolipa changu.